Wameona Nini Nyumbani Mwetu?

Zamani mgeni alipofika nyumbani, kabla chai haijaiva, aliwekewa albamu ya picha mapajani. Mama ndiye aliyeamua nani aonyeshwe na nani asionyeshwe, na mgeni akiondoka albamu ilirudi kabatini. Siku hizi albamu hiyo imehamia kwenye simu, na wengi wanaoifungua hatuwajui.

Sisi akina mama wa jumuiya moja hapa Dar es Salaam tulijionea jambo hili mwaka 2024. Mama mwenzetu alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa mjumbe wa kamati ya harusi ya mpwa wake. Harusi ilikuwepo kweli, na habari zake zilikuwa Facebook kwa kila mwenye macho. Mtu yule alimwomba amsomee tarakimu 6 zilizoingia kwenye simu yake, ati aunganishwe na kundi la kamati. Muda si mrefu WhatsApp yake ikawa mikononi mwa tapeli, nasi tukaanza kuombwa fedha kwa jina lake.

Fedha zilizopotea hazikuwa nyingi. Kilichotuumiza ni kwamba kwa siku mbili mtu yule alikaa ndani ya kundi letu la maombi, akisoma yote yaliyoandikwa. Katika siku hizo mmoja wetu alituomba tumwombee ndoa yake, na mwingine majibu yake ya hospitali. Yule wa ndoa alikaa miezi mingi bila kufungua kinywa tena mbele yetu. Wahenga hawakukosea: penye kuku wengi hapamwagwi mtama.

Tulipokutana tulisoma habari za mfalme Hezekia katika kitabu cha Isaya. Wageni walipotoka Babeli aliwafungulia nyumba ya hazina, asibakize kitu. Walipoondoka, nabii alimuuliza: wageni hao wameona nini? Swali hilo tumelifanya letu kabla ya kutuma chochote.

Tukapatana mambo machache. Kwanza, tarakimu za uthibitisho zinazoingia kwenye simu hasomewi mtu yeyote, hata akijiita mchungaji. Kila mmoja amefungua mipangilio ya WhatsApp na kuweka namba yake ya siri ya hatua ya pili, ili tarakimu zile pekee zisitoshe kumfungulia mwizi mlango. Pili, anayeombwa fedha kwa ujumbe humpigia mwenzake kwanza na kuisikia sauti yake. Namba ya tapeli huripotiwa kwa ujumbe kwenda 15040. Tena kwa kubonyeza *106# tunaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chetu, maana huenda mtu anatumia jina lako nawe hujui.

Tatu, safari husimuliwa tukisharudi. Kutangaza kwamba familia yote iko Moshi ni kumwambia mwizi kuwa nyumba ni tupu.

Nne ni watoto. Picha ya mtoto akiwa na sare humwambia mgeni shule anayosoma, na tukiandika jina lake tumemkabidhi mgeni neno la kumwitia. Mwaka 2023 nchini Kenya, ofisi inayosimamia ulinzi wa taarifa binafsi iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 za nchi hiyo kwa kutumia picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Hapa Tanzania nasi tunayo sheria ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ikiwa shule inapaswa kutuomba ruhusa, je, sisi wenyewe hatuwezi kumuuliza mtoto mkubwa kabla ya kuianika picha yake?

Mwisho, mambo mazito ya kuombeana hatuyaandiki tena. Tunayasema ana kwa ana, baada ya ibada, tukiwa tumeshikana mikono. Ni polepole zaidi, lakini yule mwenzetu wa ndoa amerudi kusema nasi.

Mariamu aliona makuu kuliko sisi sote, akayaweka moyoni mwake na kuyatafakari. Akina mama wenzetu, si kila furaha ya nyumbani inahitaji mashahidi. Leo jioni, vyombo vikishaoshwa, keti na mumeo na watoto wakubwa, mpitie pamoja picha mlizokwisha kuzitandaza, mkaondoe zile ambazo mgeni hakupaswa kuziona.