Siku 51 za Thieffry

Tangu Bruxelles hata Kinshasa ni mbali: kama kilometa 6.200 kwa njia iliyonyoka. Siku hizi ndege kubwa huumaliza mwendo huo kwa saa nane hivi.

Zamani haikuwa hivyo. Tarehe 12 Februari 1925 Mbelgiji Edmond Thieffry aliondoka Bruxelles pamoja na wenzake wawili katika ndege ya mota tatu. Walifika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili. Hesabuni, watoto: siku 51! Hata meli iliwashinda, maana yenyewe ilitoka Antwerpen ikafika Matadi kwa majuma matatu hivi.

Je, ndege ilikwenda kama kobe? Sivyo. Saa walizokaa hewani zilikuwa kama 75 tu, yaani siku tatu na kidogo. Siku nyingine zote walikuwa chini. Ndege za wakati ule hazikubeba petroli nyingi. Zilishuka tena na tena.

Thieffry hakuchoka. Mwaka 1929 ndege yake ilianguka karibu na ziwa Tanganyika, akafa. Mwaka 1935 ndege za Sabena zilianza kuleta watu Kongo, kwa siku tano na nusu.