Umeme umefika, Njia Nyeupe je?

Wadau, wangapi mliokulia Dar mmewahi kuiona Njia Nyeupe? Julai, usiku usio na mwezi, ukitoka nje kidogo ya mji wa Kibaha unaikuta utosini kama moshi. Si moshi jamani, ni nyota za galaksi yetu, na mwanga wa kitovu chake umesafiri miaka kama 26,000 kutufikia. Geuka mashariki: anga la Dar limepauka kwa taa. Kisarawe nako, ng'ambo ya vilima vya Pugu, giza linapungua. Sisemi vijiji vikose umeme, nani asiyeutaka? Nasema taa za barabarani zifunikwe juu, zimulike chini tunakopita. Vinginevyo wanetu tutawaonyesha picha tu. Au mnasemaje?