Kolwezi: Mwisho wa posho, redio inakusanya waliotawanyika

Wazee waliokulia katika kambi za Union Minière wangali wanaita Jumamosi "siku ya posho", juu ya chakula ambacho kampuni iligawia wafanyakazi na familia zao. Serkali ilitwaa mali za kampuni hiyo mwaka 1967, na baadaye ikazaliwa Gécamines. Posho yenyewe ilikwisha zamani, lakini jina limebaki, na watu wa Kolwezi wanahesabu hata juma zima kwa posho. Leo siku ya posho kinachogawiwa ni habari.

Asubuhi ya Jumamosi ni saa ya komunike. Kisha zinakuja dedikasi na muziki, mchana ni mpira, na jioni ni masimulizi. Siku ya Mungu inaanza na nyimbo na sala, na baada ya watu kutoka kanisani yanafuata majadiliano juu ya mambo ya mji. Kwa mtu ambaye hajahama hata mara moja, komunike ni sehemu ya kusubiri muziki uanze. Kwa familia iliyohamishwa, ni sehemu ya maana kupita zote.

Komunike ya kilio ina ginsi yake. Inasema jina la marehemu, majina ya wazazi na ya watoto, kijiji cha ukoo, mahali pa kilio na saa ya maziko. Halafu inataja kartie, na mara nyingi si ile ambayo marehemu alilala usiku wa mwisho. Inataja ya zamani, maana huko ndiko majirani walimjua.

Na kartie za zamani Kolwezi zinapotea. Mwaka 2014 mkaaji mmoja wa Kasulo alipata kobalti chini ya nyumba yake, na haikuchukua muda watu wakachimba vyumbani na viwanjani. Mwaka 2017 wakaaji wa sehemu moja ya Kasulo walihamishwa, na ukuta ukajengwa kuizunguka. Katika Cité Gécamines, kartie ya watu karibu 39,000, shimo la mgodi limesogea hadi karibu na milango ya nyumba. Ripoti ambayo Amnesty International na shirika la IBGDH la hapa Kolwezi walitoa Septemba 2023 inaeleza pia habari za Mukumbi, ambako wakaaji walisema askari walichoma nyumba zao Novemba 2016.

Ripoti kama hizo zinahesabu nyumba, mashamba na dola za malipo. Kitu kimoja hakihesabiki vizuri: kujua nani amekufa. Kartie inapovunjwa, huyu anakwenda kupanga nyumba Manika, yule Dilala, mwingine anarudi kijijini, mwingine anafuata ndugu Likasi au Lubumbashi. Mama aliyezoea kusikia kilio kupitia ukuta wa jirani sasa anakisikia redioni, ao hakisikii kabisa.

Wengine wanasema siku hizi kuna simu. Ni kweli, lakini simu inataka namba, na namba zinabadilika. Inataka uniti, na inataka moto wa kuichaji. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako juu ya mto Lualaba, karibu na mji huu huu, na tangu miaka ya 1950 yanatoa umeme kwa migodi. Pamoja na hayo, nyumba nyingi za watu zinakaa gizani siku kwa siku. Redio ndogo inatembea na mawe mawili ya batri, na inasikiwa na kiwanja kizima. Wale wanaokaa mbali, ambako mawimbi ya FM hayafiki, wanapelekewa habari na mtu aliyeisikia.

Shida ni kwamba saa zinazosikiwa sana ndizo zinazouzwa bei kubwa. Redio ya jamii haina mshahara wa serkali wa kutegemea. Mafuta ya jenereta, kodi na nauli ya watangazaji vinatoka katika saa zinazouzwa kwa wahubiri, kwa wanasiasa na kwa makampuni. Mama anayeuza mkaa naye analipia komunike ya ndugu yake kwa bei ile ile ya mtu mwenye gari. Na kampuni inapolipia majadiliano ya siku ya Mungu, ni nani atakayepewa nafasi ya kuuliza malipo ya nyumba yake yalifikia wapi?

Tena, si kila saa iliyo wazi kwa wote ni saa njema. Mji huu unakumbuka miaka ya 1992 na 1993, wakati watu wenye asili ya Kasai waliitwa "bilulu", yaani wadudu, kisha wakafukuzwa. Familia zililala kandokando ya gare zikingoja gari la moshi. Mwaka uliofuata, redio RTLM ya Rwanda ilionyesha dunia nzima maneno ya hewani yanaweza kufikisha watu wapi. Leo Kolwezi inapokea tena watu wa Kasai, wa Haut-Lomami, wa Tanganyika na wa Kivu wanaotafuta kazi na usalama. Mtangazaji wa majadiliano anapaswa kuweka mkono karibu na kifungo cha kukata sauti, na kuwa na moyo wa kukitumia hata kama anayesema ni mkubwa.

Lugha ya nyumbani inasaidia hapo. Tangu zamani kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi kilionyesha kwamba Kiswahili cha Katanga, chenye Kifaransa ndani yake, kinaweza kuchekesha wakubwa na wadogo pamoja na kukemea bila kutukana. Masimulizi ya Jumamosi jioni yanafuata njia hiyo.

Kuna mambo ambayo kituo kinaweza kufanya bila kungoja mfadhili. Nusu saa ya komunike za bure kwa familia zilizohamishwa, kila siku ya posho, na zirudiwe siku ya Mungu baada ya misa. Daftari mlangoni, ili aliyekosa kusikia aje kusoma. Saa ya majadiliano isiuzwe kwa yeyote anayezungumziwa ndani yake. Na jina la kartie ya zamani liendelee kusomwa, hata kama pale leo pana shimo. Kuna mtu Likasi aliyebeba redio ndogo, anayejua jina hilo tu.