Uvuvi wa Mto Maumee

Uko uvuvi wa njaa, na uko uvuvi wa mapenzi. Wa kwanza hauulizwi sababu. Wa pili hauna sababu iwezayo kumridhisha mtu aliyekaa karibu na moto. Katika mwezi wa Machi, theluji ikiwa bado haijayeyuka vivulini mwa miti, watu wa jimbo la Ohio huko Marekani huvaa suruali za mpira zifikazo vifuani, wakaingia katika Mto Maumee mpaka viunoni, wakasimama humo saa nyingi kama nguzo za gati lililobomoka. Wamtafutaye ni samaki aitwaye wolai.

Samaki huyu ana pezi la miiba mgongoni kama sangara wa Ziwa Viktoria, ijapokuwa si wa ukoo mmoja. Rangi yake ni dhahabu iliyoingiliwa na kijani, tumbo lake ni jeupe, na meno yake ni makali. Lakini kilichompa jina ni jicho, jicho kubwa lenye utando ndani unaorudisha nuru kama jicho la paka usiku. Kwa jicho hilo huona katika giza na katika maji ya tope, mahali ambapo samaki wadogo awawindao hawaoni vema. Makao yake ni Ziwa Erie. Maji yaanzapo kupata joto baada ya majira ya baridi, makundi yake huliacha ziwa na kuupanda mto mpaka penye miamba na changarawe, karibu na miji ya Maumee na Perrysburg. Madume hutangulia na kungoja. Majike hufika, hutaga, na kurudi ziwani bila ya kukawia.

Jike mmoja mkubwa hubeba mayai zaidi ya 100,000. Hajengi kiota wala halindi mtoto. Mayai humwagwa juu ya changarawe, na maji yaendayo kasi huyapa hewa na kuyaondolea tope. Kitoto kianguliwapo huwa chembamba kama uzi, hakina nguvu ya kushindana na mkondo, nao mkondo hukichukua hadi ziwani. Sharti kifike kabla ya kwisha akiba ndogo ya kiini cha yai iliyo tumboni mwake. Basi mto huo ni uzazi na safari kwa pamoja, na wavuvi husimama katikati ya njia.

Wolai hutaga maji yakiwa na joto la digrii 6 hadi 10 hivi. Mpira huzuia maji lakini hauzuii baridi. Baridi huanza vidoleni mwa miguu, ikapanda magotini, mwishowe mtu husahau kama ana miguu mpaka ajaribu kupiga hatua. Upepo nao una mambo yake. Mabaharia wa pwani ya Afrika ya Mashariki wana kaskazi na kusi, pepo zenye miadi na watu. Upepo wa Ziwa Erie hauna miadi. Upande wa magharibi wa ziwa hilo kina ni kidogo, kiasi cha mita 7 kwa wastani, hata upepo mkali utokao kusini-magharibi huweza kuyasukuma maji upande wa mashariki, na sehemu ya chini ya mto ikapungukiwa. Ugeukapo ukavuma kutoka kaskazini-mashariki, maji hurudi na kuinuka. Hivyo mvuvi huweza kulala akijua jiwe atakalosimama karibu nalo, akaamka akakuta jiwe halipo.

Vyombo vyao ni vichache: ufito wenye kigurudumu cha kukunjia mshipi, chubwi la risasi likwaruzalo chini, na nyuma ya chubwi kipande cha mshipi mwembamba chenye ndoana mwishoni. Ndoana hiyo ina kichwa kieleacho na mkia wa mpira laini, ili icheze juu ya mawe badala ya kunasa. Mvuvi huutupa mshipi kukingama na mkondo, akauacha uchukuliwe, akisikiliza kwa kidole chubwi ligongavyo mawe. Anayejua hutambua jiwe, ukuni na kinywa.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wa zamani wa mto huu. Samaki awapo katika uzazi hali sana. Mshipi ukiwa mrefu, huweza kupita katika kinywa kilicho wazi cha samaki asiyekuwa na haja ya chambo, ukateleza mpaka ndoana ikamnasa shavuni kwa upande wa nje. Je, samaki huyo amevuliwa, au amekwama tu? Wavuvi hubishana juu ya swali hili vikombe vya kahawa vikapoa. Sheria ya Ohio haikungoja mwisho wa ubishi. Katika miezi ya Machi na Aprili, mtoni humo, huvuliwa kwa ndoana moja isiyo ya ncha tatu, tangu jua kuchomoza mpaka kuchwa, na samaki asiyeshikwa ndani ya kinywa hurudishwa majini mara moja. Askari wa wanyama hupita ukingoni, lakini hawezi kusimama kwenye kiwiko cha kila mtu.

Yapo ya nyuma yaliyofanya sheria iwe kali. Ziwa Erie lilikuwa na jamaa wa karibu wa wolai, samaki wa rangi ya buluu, aliyevuliwa kwa mamilioni ya ratili kila mwaka kana kwamba hana mwisho. Mwishoni mwa miaka ya 1950 akaporomoka, na mwaka 1983 serikali ya Marekani ikatangaza kwamba ametoweka. Wolai mwenyewe alipungua sana katika zama hizo. Mwaka 1970 ikagunduliwa zebaki katika miili ya samaki wa ziwa, uvuvi ukafungwa mahali pengi. Baadaye wolai akarudi, na katika miaka ya karibuni amekuwa tele. Utele huo, ajabu, ndio humfanya mtu aone kwamba samaki mmoja si kitu.

Asubuhi moja ya mwisho wa Machi, mzee aliyestaafu katika kiwanda cha vioo mjini Toledo aliingia mtoni pamoja na mjukuu wake wa miaka 12. Mzee huyo alikuwa ameuingia mto zaidi ya miaka 40. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, na nyumbani alikuwa amesema kwamba mwaka huu ndio wa mwisho. Mtoto hakuambiwa. Mzee alikuwa na haja moja, kumwona mjukuu wake akipata wolai wake wa kwanza, yeye mwenyewe akiwa pale na wavu.

Alimsimamisha mtoto penye maji ya magotini, naye akasimama upande wa chini, mtoto akiteleza amdake. Hata alasiri mzee alikuwa amepata madume mawili, mtoto hana kitu. Upepo uliuchukua mshipi wake na kuulaza siko. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi, lakini kila alipoulizwa alijibu kwamba hasikii baridi.

Saa kumi ikikaribia, ufito wa mtoto ulipinda ukabaki umepinda. Alipigana naye kitambo kirefu. Mzee alipoinua wavu, ndani yake alikuwamo jike mzito mwenye tumbo lililojaa, mkubwa kuliko wote walioonekana siku ile sehemu ile ya mto.

"Babu, ni wangu?" mtoto aliuliza.

Mzee hakujibu. Ndoana ilikuwa chini ya kidevu, upana wa ukucha mmoja tu kutoka mdomoni, imeingia kwa nje.

Mvuvi wa jirani alisogea akachungulia. "Ndani, nje, nani atapima, mzee?" alisema. "Mpe mtoto samaki wake." Haikuwa sauti ya mtu mwovu. Wengi wavunjao sheria ndogo huzivunja kwa ukarimu, na ukarimu ni mgumu kuukataa kuliko tamaa. Samaki walikuwa maelfu mtoni, mtoto alikuwa mmoja, na mzee hakuwa na mwaka mwingine wa kumpa. Alikaa na wavu majini muda ambao jirani aliona ni mrefu mno, akarudi mahali pake.

"Njoo utazame mwenyewe, mjukuu wangu," mzee akasema mwishowe. "Ndoana iko wapi?"

Mtoto aliinama. Akatazama upande huu, akatazama upande huu. Angeweza kusema lolote, maana macho ya babu yake hayakuwa tena mazuri kwa vitu vidogo, naye alilijua hilo.

"Iko nje, Babu."

"Basi mtoe."

Aliing'oa ndoana kwa vidole vilivyokufa ganzi. Mzee akamwonyesha namna ya kumshika samaki, kichwa kikielekea kule yatokako maji, ili yapite katika matamvua. Samaki alitulia baina ya viganja, likaonekana lile jicho kubwa likingʼaa. Kisha akapiga mkia mara moja, akaenda zake.

Mtoto alipangusa uso kwa mkono wa koti. Mzee aliushika mshipi, akakagua fundo, akakuta limelegea, akafunga jingine. Ilimchukua muda, kwa kuwa mikono yake ilikuwa ikitetemeka.

"Mwaka ujao tutasimama hapa hapa?" mtoto akauliza.

"Tupa mshipi," mzee akasema. "Jua halijachwa bado."