Rangi ya chini ya mashua

Nimepotea kidogo, wapendwa wasomaji. Sikuwa nikiandika programu, nilikuwa nikichagua rangi. Ndiyo, mimi wa Khayega, mbali na bahari, nina nusu ya mashua ya tanga huko Kilifi. Nusu nyingine ni ya binamu yangu.

Ubao usiopakwa kitu ukikaa baharini huota mwani na viumbe vya gamba, na minyoo ya baharini huutoboa. Wazee walipaka deheni, yaani shahamu na chokaa. Siku hizi ni rangi yenye shaba. Ile yenye TBT, sumu ya bati iliyodhuru konokono na chaza, ilipigwa marufuku na mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 2008.

Nikatengeneza jedwali la bei. Rangi laini, inayolika kidogo kidogo chombo kikitembea, ikashinda. Nikampigia fundi simu.

"Mwanangu, chombo chenu hutembea au hulala?"

"Hulala, mzee."

"Basi hiyo haitalika. Chukueni ngumu, muwe mnaisugua."

Swali hilo halikuwamo kwenye jedwali langu. Programu kadhaa nimeziharibu vivyo hivyo: nauliza bei kabla ya kuuliza zitatumikaje.

Tumenunua ngumu. Na Desemba nashuka Kilifi, mashua iamke.