Kipimo Hakitoshi

Kituo cha afya cha Mukuju ni cha daraja la nne. Kwa utaratibu wa serikali ya Uganda, kituo cha daraja hilo huongozwa na daktari na huwa na chumba cha upasuaji. Lakini mama anayeingia na mtoto mwenye homa mgongoni, mara nyingi anakutana kwanza na sisi maafisa wa kliniki, tuliosomea stashahada miaka 3. Anatuita musawo, kama anavyomwita nesi na daktari.

Wilaya yetu ya Tororo ina malaria nyingi, na wapo wanaodhani kazi yetu ni kutazama kipimo na kuandika dawa mseto. Sikubaliani nao hata kidogo. Kipimo cha haraka tunachotumia hunasa protini ya kimelea, na protini hiyo huweza kubaki katika damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Basi hata mistari 2 ya kuonyesha malaria ikitokea, bado nauliza.

"Mama, mtoto alimeza dawa ya malaria lini?"

"Wiki mbili zimepita, musawo. Tulikuwa kwa dada yangu, Busia ya Kenya."

Hapo mambo yanabadilika. Naomba damu isomwe kwa darubini. Mtoto akitulia namfunua kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, macho yakienda kwenye saa na kurudi. Mwenye umri wa mwaka 1 hadi 5, anayekohoa na kufikisha pumzi 40, namtibu nimonia. Aliye chini ya mwaka, kuanzia miezi 2, kikomo chake ni 50. Navigeuza na viganja: vikipauka sana, damu imepungua. Akiwa na malaria kali nampa sindano ya artesunate kwanza. Kama anahitaji damu na hatuna, ndipo namwandikia rufaa.

Daktari tunamhitaji, hasa kwa mama anayehitaji kupasuliwa usiku. Ila homa, kikohozi, kuhara na shinikizo la damu viko mikononi mwetu kila siku, na mtu hujifunza kwa kujua alichokipatia na alichokikosa. Barua ya rufaa inaondoka na mgonjwa; majibu hayarudi. Nikipewa nafasi ya kuomba kitu kimoja kwa hospitali zinazopokea wagonjwa wetu, ni hiki: turudishieni karatasi hiyo kwa mkono wa mama mwenyewe, mmeandika mlimkuta na nini, mkampa nini.