Mguu Mkavu, Bao Bichi



Watu wa Nazareti walimdharau Bwana wetu Yesu Kristu kwa kuwa walimjua kuwa seremala. Sisi wa Kibati, chini ya mlima Nyiragongo, hatuna ruhusa ya kuidharau kazi hiyo. Huku nyumba nyingi ni za mbao, na vitu vya ndani huchongwa kwa mkono: vigoda, meza, mabenchi, vitanda. Msumeno, randa, patasi na nyundo, basi.

Adui wa fundi ni maji yaliyomo ndani ya mti. Mkaratusi hukua upesi, lakini mbao zake zikikaushwa kwa haraka hupinda na kupasuka. Grivilea ni mpole zaidi chini ya randa. Lakini mbao za miti yote miwili hupangwa kivulini, vijiti vikitiwa katikati ili hewa ipite, nazo zikae miezi. Anayepigilia misumari katika mbao mbichi anauza uongo: leo meza yapendeza, kiangazi kikipita miguu yalegea, na maskini analipa mara mbili. Wala kosa si la fundi peke yake. Mnunuzi anayetaka kitu kesho, tena kwa bei ya chini kabisa, ndiye anayemsukuma.

Lakini je, aliyepoteza vyote angoje mwaka mzima? Kwetu swali hili si la mchezo. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo uliteketeza sehemu kubwa ya Goma. Mwaka 2008 wakimbizi wa vita walijaa hapa Kibati. Tarehe 22 Mei 2021, katika ule mwaka ambao Papa Fransisko aliuweka kwa heshima ya Mtakatifu Yosefu, mlima ulilipuka tena, na moto ukafika Buhene. Mama anayekaa juu ya jiwe pamoja na watoto wake, utamwambia nini? Asubiri ubao ukauke?

Kumbe, wachonga vigoda wana jibu la zamani. Kausha miguu tu. Ni vipande vyembamba, hukauka upesi, hata karibu na meko. Bao la kukalia liache bichi. Liwe nene, na matundu yawe mbali na ukingo lisije likapasuka. Kisha ingiza miguu mikavu kwa nguvu, bila msumari. Bao likikauka husinyaa, na tundu laushika mguu kama mkono wa mkulima unavyoshika jembe. Ukifanya kinyume, mguu mbichi katika bao kavu, mguu ndio utakaosinyaa, na kigoda kitamwangusha mgeni wako.

Na mti wenyewe utoke shambani. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, inapakana nasi. Ukikata humo usiku, umemwibia mwanao. Mkaratusi na grivilea hupandwa. Anayechukua mti mmoja apande miche miwili.

Nikiwafundisha wakatekumeni, mara nyingi nakumbuka kigoda hicho. Mkatekumeni ni bao bichi. Kanisa halimwambii aende akakauke kwanza ndipo arudi. Linampokea jinsi alivyo, lakini linamtaka awe na msimamizi aliyekwisha kukomaa katika imani. Tena tazameni ajabu: si mguu unaolishika bao, bali bao ndilo linaloushika mguu. Mkristu mpya hujikaza kwa msimamizi wake kadiri anavyokua. Basi akimkuta naye ni mbichi, asiyesali, asiyeonekana kwenye Misa, wataanguka wote wawili.

Hivyo, ndugu yangu, utakapoombwa kusimamia ubatizo, usiulize kwanza karamu itakuwa wapi wala utavaa nguo gani. Jiulize: mimi nimekauka?